Shikamoo Kabla ya Mashine ya Presha

Aliletwa na bajaji saa mbili kasoro usiku, kichwa kikiwa mapajani mwa mjukuu wake. Bibi mwembamba, kajitanda kanga, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu. Nilikuwa kwenye meza ya triaji, pale tunapopanga nani aonwe kwanza, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mwaka wangu wa tatu kazini, na foleni imefika mlangoni: watoto wenye homa, kijana wa bodaboda aliyechunika goti na anayepiga kelele kuliko wote, mama mjamzito aliyeshika kiuno bila kusema neno. Nikamuuliza binti, bibi ana nini?

"Hana kitu, Sista. Hali tu tangu jana. Halafu hata shikamoo haitikii."

Presha 118 kwa 70. Mapigo ya moyo 78. Joto 36.9. Pumzi nikaandika 20, ile 20 ambayo kila muuguzi aliyewahi kukesha zamu anaijua, yaani sikuhesabu. Kidude cha kupima oksijeni kilikuwa kidoleni mwa mtoto mwenye pumu, sikukisubiri. Nikaandika kwenye faili "udhaifu wa mwili, uzee", nikampa rangi ya kijani, yaani anaweza kusubiri, nikawaonyesha benchi.

Saa tano daktari wa zamu alipita pale benchini akienda kunywa chai, akasimama. Chai hakuinywa. Alihesabu pumzi za bibi dakika nzima kwa saa yake ya mkononi, zikafika 36. Oksijeni asilimia 79. Ilikuwa nimonia ya pafu la kulia, na maambukizi yalishaingia kwenye damu. Katika mfuko wa rambo (ilikuwa kabla ya marufuku ya 2019) ambao mjukuu alikuwa ameukumbatia tangu mwanzo kulikuwa na kadi ya kliniki: presha ya bibi kila mwezi inacheza kwenye 175 na 180, na kila asubuhi anameza atenolol. Kwa hiyo ile 118 iliyonifurahisha ilikuwa presha iliyoporomoka, na moyo uliotakiwa kukimbia 120 ulikuwa umefungwa breki na kidonge. Alifariki siku ya pili, wodini. Mjukuu alikuja kuniaga na kunishukuru kwa kuwapokea. Ile shukrani mpaka leo sijui niiweke wapi.

Kisa hiki nimewasimulia wanafunzi wa uuguzi mara nyingi, na kila mara wanaondoka na zile namba. Sawa, waondoke nazo. Mimi kinachonirudia usiku ni sentensi ya mjukuu. Alinipa dalili kubwa kuliko zote, kwa Kiswahili chepesi, nami nikadhani ananiambia bibi yake ni kiziwi. Bibi wa pwani ambaye juzi alikuwa akiitikia kila mpita njia, leo mjukuu wake mwenyewe anamwamkia na hajibu, huyo ubongo wake haupati kitu fulani: hewa, damu, sukari, au umezingirwa na sumu ya maambukizi. Hiyo si adabu wala masikio.

Siku hizi sianzi na mashine. Naenda mbele yake, nainama mpaka macho yetu yalingane, namshika mkono, nasema shikamoo. Halafu nanyamaza. Hapo ndipo kipimo kilipo. Mkono ni wa moto au wa baridi, umelowa jasho au umekauka. Kidole changu kiko juu ya mshipa wa kifundo cha mkono na yeye anadhani namsalimu tu. Amenisikia? Macho yamenitafuta? Neno "marahaba" si jepesi kwa mdomo uliopinda. Anayeanza kiharusi husikika kama ana tonge kinywani. Tena mzee wetu haishii hapo. "Marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo, kwenu wote wazima?" Akiyamaliza kwa pumzi moja, nina dakika chache za kupumua na mimi. Akikata baada ya "marahaba" ili avute hewa, namwita daktari kabla sijagusa mashine. Na akinijibu "shikamoo", mimi niliye sawa na mjukuu wake, najua kuna jambo.

Sisemi salamu inashinda mashine. Mashine nazitaka, tena nyingi, na zenye betri. Nasema tu kwamba mashine zetu zimefundishwa kushtuka kwa ajili ya kijana. Zinalia presha ikishuka chini ya 90. Miongozo ya Marekani ya kuchuja majeruhi, ilipopitiwa upya 2011, iliongeza angalizo kwamba kwa aliyepita miaka 65 hata presha iliyo chini ya 110 inaweza kuwa ya mtu anayepoteza damu. Homa nayo ni hivyo hivyo. Mwili wa mzee kwa kawaida ni wa baridi kidogo kuliko wetu, na kinga yake haiwashi moto haraka; joto la 37.8, ambalo kwa mtoto mama yake angelifuta kwa kitambaa cha maji na kulala, kwa ajuza mwenye 85 ni homa kamili. Wengine hawapandi kabisa, wanapoa. Shambulio la moyo linaweza kuja bila kifua kuuma: limevaa kichefuchefu, au kukosa pumzi, au "nimechoka tu, mwanangu". Tumbo lililotoboka kwa vidonda linaweza kubaki laini mkononi, kwa kuwa misuli ya kulikaza imeshaisha. Kwa hiyo mzee aliyesema "nimechoka" anapimwa moyo kwa ECG, anapimwa sukari, na pumzi zake zinahesabiwa dakika nzima. Pumzi haziongopi kirahisi. Zinapopita 25 kwa mzee aliyetulia kitandani, mapafu ni ya kwanza kushukiwa, hata kama hakohoi.

Kuna na tatizo la lugha yetu yenyewe. Muulize mzee wa Kiswahili anaendeleaje, atakwambia salama. Lazima aseme salama. Salamu haina jibu lingine. Nimemwona mzee aliyevunjika nyonga, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, akimwambia daktari mgeni "nzuri, alhamdulillahi", na daktari akaandika kwamba mgonjwa hana maumivu. Ukitaka ukweli, subiri neno "ila". "Salama, ila..." Ugonjwa wote unakaa nyuma ya hiyo ila, na inachukua muda kufika, kwa sababu mbele yake kuna watoto, shamba, mvua na marehemu mumewe. Foleni ikiwa ndefu tunamkata mzee kabla ya ila. Nimefanya hivyo mara nyingi.

Baada ya salamu swali langu ni moja, na simuulizi mgonjwa peke yake: juzi alikuwaje? Simaanishi ana miaka mingapi wala ana magonjwa gani. Wiki mbili zilizopita alikuwa anafanya nini mwenyewe? Alikwenda shamba? Alipika? Alikwenda msikitini kwa miguu yake au kwa kushikwa? Alitoka chooni peke yake? Kanada kuna daktari wa wazee, Kenneth Rockwood wa Halifax, ambaye yeye na wenzake walitoa mwaka 2005 kipimo cha udhaifu wa uzee kinachojengwa juu ya maswali ya namna hii hasa. Sasa kina ngazi tisa, kutoka kwa mzee mkakamavu mpaka aliye ukingoni mwa maisha. Nikikifikiria, naona mama mzazi wa yeyote kati yetu anajua kukijaza bila kusomea. Mabibi wawili wana miaka 80 wote, mmoja jana alibeba kuni, mwingine ana mwaka hajavuka kizingiti. Ukiwaandikia wote "uzee", hujaandika kitu.

Ila uchague wa kumuuliza. Wanaokuja na mzee hospitali wanapangwa kwa heshima, na heshima haijui alikuwaje juzi. Mtoto wa kiume mkubwa anayetoka Dar na gari ndiye anasimama mbele na kusema, "Mama siku zote yuko hivi hivi, anasahau sahau." Mara ya mwisho amelala pale nyumbani ni sikukuu. Nyuma yake, karibu na mlango, kuna binti wa kazi ameshika chupa ya uji. Huyo ndiye anajua kwamba mama jana asubuhi alimhesabia chenji ya nyanya, na kwamba tangu alasiri anaongea na watu ambao hawapo. Namvuta pembeni. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana ni dharura. Kusahau kulikoanza miaka minne nyuma ni ugonjwa mwingine, nao haupandi kwa siku moja. Madaktari wanaliita la kwanza deliriamu na la pili dimenshia, na mtu mwenye la pili ndiye anayepatwa na la kwanza kwa urahisi zaidi. Kinachowatofautisha ni shahidi.

Lipo jaribio fupi la kulitafuta hilo la ghafla, linaitwa 4AT, halichukui zaidi ya dakika mbili. Unaangalia kama mgonjwa yuko macho, unamuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka wa sasa, kisha ataje miezi kwa kurudi nyuma kuanzia Desemba. Mara ya kwanza kulitumia kwa wazee wetu karibu wote walianguka, na wengi wao akili zao zilikuwa kali kunizidi. Tarehe ya kuzaliwa? Kwenye kitambulisho wameandikiwa mosi Januari au mosi Julai, kwa kuwa karani alitaka kujaza kisanduku. Miezi kurudi nyuma? Bibi aliyehesabu maisha yake kwa Rajabu, Shaabani na mfungo mosi, Desemba inamhusu nini?

Basi tukatafuta yetu. Siku za juma kurudi nyuma zinafanya kazi vizuri sana: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano... Aliyechanganyikiwa anakwama Jumatano au anageuka na kuanza kwenda mbele. Umri tunautafuta kwa matukio. Uhuru wa 1961 ulikukuta umeshavunja ungo? Azimio la Arusha, 1967, ulikuwa umeolewa? Vita ya Kagera nani alikwenda nyumbani kwenu? Mzee mmoja nilimuuliza kama anakumbuka unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano. Akakaa kitako kitandani na kunitolea hotuba ya robo saa juu ya foleni za duka la ushirika, jina la meneja na mke wa meneja. Nikafunga faili. Huyo ubongo wake ulikuwa mzima, alikuwa amekuja kwa jipu.

Mwingine alikuja amefungwa. Mikono kwa kanga, miguu kwa kamba ya katani, wanaume wanne wamembeba, na shangazi mmoja anafukiza ubani hadi mlangoni mwa imejensi. Mvuvi mstaafu, miaka sabini na kitu. Tangu usiku alikuwa anatukana watu, anavua nguo, anataka kutoka nje. Walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba amepandisha mashetani, na mganga aliwaambia waanzie hospitali, jambo ambalo nilimheshimu sana huyo mganga. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshavuta sindano ya diazepamu ili atulie. Nikamwamkia. Hakujibu, lakini kila nikimgusa tumbo alirusha teke. Chini ya kitovu kulikuwa na uvimbe, mgumu kama dafu.

Tulimwekea mpira wa mkojo. Ukatoka lita moja na robo. Mkojo ulivyokuwa unashuka kwenye mfuko na sauti yake ilikuwa inashuka nao, mpaka akalala. Baada ya saa nzima aliamka, akaniangalia kwa muda, akasema: "Na wewe binti, umenivua nguo zote hizi, shikamoo yangu iko wapi?"

Tezi dume lilikuwa limekua muda mrefu, ila kilichomfunga mkojo kabisa ni vidonge vya mafua alivyonunua duka la dawa siku mbili kabla. Vidonge vile vingi vina dawa ya mzio ndani yake, na dawa hizo hulegeza kibofu kisiweze kusukuma. Kama tungempa ile diazepamu angenyamaza, na kibofu kingeendelea kujaa na kuzielemea figo, na sisi tungeandika kwamba mgonjwa ametulia. Sasa nina kanuni yangu kwa mzee anayepiga kelele: pima oksijeni, pima sukari, papasa kibofu, uliza mara ya mwisho kupata choo, tafuta mahali panapouma. Kamba na sindano ya usingizi zinakuja mwisho kabisa, na mara nyingi hazifikiwi.

Nikisema hivi kwenye mafunzo, kuna anayenong'ona kwamba wazee wetu wakichanganyikiwa usiku huwa kuna mambo mengine. Namwachia imani yake. Namkumbusha tu kwamba Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ambayo moshi wa jikoni uliyatia wekundu, na kwamba ajuza anayezurura uani saa nane za usiku kwa sababu ya homa asiyoijua anahitaji mtu amrudishe ndani haraka kabla jirani hajaamka.

Dawa. Hapa ningeweza kuandika mpaka asubuhi. Kitu cha kwanza ninachomwomba ndugu ni mfuko: kila kidonge kilichoko nyumbani, cha kliniki, cha dukani, cha jirani, na chupa ya miti shamba. Nimewahi kuukuta mfuko wenye aina kumi na moja, mbili kati ya hizo ni dawa ile ile kwa majina mawili. Wanaoumwa magoti wanameza diklofenaki kama karanga, na ndizo zinazowaletea damu nyeusi chooni na figo zilizochoka. Tena figo zenyewe zinatudanganya. Kipimo cha kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, hutegemea misuli, na bibi hana misuli. Chukua bibi wa miaka 82, kilo 45, kreatinini yake 1.0, maabara imeandika kawaida. Ukiiweka kwenye hesabu ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, figo zake zinachuja kama mililita 31 kwa dakika. Kijana wa miaka 25 mwenye kilo 70 na kreatinini hiyo hiyo anachuja 112 hivi. Karatasi ya maabara inafanana, dozi haiwezi kufanana.

Ndiyo maana kila Ramadhani tunapata yule bibi wa glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Analetwa alasiri, upande mmoja umelegea, hasemi, wanawe wanalia kiharusi. Tunapima sukari: 1.9. Tunasukuma glukosi kwenye mshipa na kabla bomba halijaisha anafungua macho na kuuliza nani kamvua mtandio. Shangwe, takbira, watu wanampigia simu dereva wa bajaji arudi. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, maana dawa ile haijaondoka. Kwa figo za mililita 31 itakaa mwilini mpaka kesho, na sukari itashuka tena usiku, nyumbani, watu wakiwa wamelala. Bibi analala kwetu saa 24, anapimwa kila saa, anakula. Nimeshagombana na familia nyingi juu ya hilo, na mara moja nilishindwa hoja wakaondoka naye. Walirudi saa kumi alfajiri. Bahati yao walirudi.

Kuanguka nako tunakupa jina dogo. "Ameteleza bafuni." Kwa kijana, kuteleza ni kisa cha kuchekesha, kwa mzee, nauliza kwanza kilichomwangusha. Je, alisimama kizunguzungu kikamkuta? Moyo uliruka? Sukari ilishuka? Alikaa sakafuni muda gani kabla ya kuonekana? Halafu kichwa. Ubongo wa mzee umesinyaa kidogo ndani ya fuvu, na mishipa midogo inayoushikilia imevutika kama kamba za hema. Kichwa kikigonga fremu ya mlango, mshipa mmoja unakatika na damu inavuja taratibu, kwa siku, kwa wiki. Babu mmoja fundi cherehani alianza kuvaa shati kinyume wiki tatu baada ya kujigonga. Familia ilikuwa imeshasahau mlango. Aliyekumbuka ni mtoto wa darasa la tatu: "Si siku ile babu aligonga mlango wa choo?" Tulimpa rufaa, akapigwa picha ya CT ya kichwa, fuvu likatobolewa matundu mawili, na damu ikatoka nyeusi kama oili chafu ya gari. Mwezi uliofuata alinishonea sare ya kazi. Mikono imezidiana urefu, lakini naivaa.

Na maumivu yatibiwe, tafadhali. Mwoga wa kumpa mzee mofini namwelewa, maana dozi ya kijana inaweza kumsahaulisha kupumua. Basi anza na nusu au robo, kaa naye, ongeza. Dripu vivyo hivyo: mililita 250, sikiliza mapafu, ndipo uamue nyingine. Wapo wanaoijua kazi ya kuzuia mishipa ya fahamu ya paja kwa sindano ya ganzi kwenye kinena, na mzee wa nyonga iliyovunjika akipata hiyo analala usingizi wa mtoto bila kidonge. Sisi tulifundishwa na daktari aliyetoka Muhimbili. Pale ndipo idara ya kwanza kamili ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilipofunguliwa, mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa wa fani hii yakaanza MUHAS, chuo kikuu cha afya cha pale Muhimbili, mwaka huo huo. Ni fani changa, changa kuliko binti yangu.

Uchanga huo unaonekana kwenye kuta zetu. Mtoto ana bango la hatua kwa hatua. Mjamzito ana bango, ana namba 115 ya m-mama, dereva anamfuata mpaka kijijini, na nimeona kwa macho yangu wanawake waliopona kwa sababu ya simu hiyo. Mzee ana kibandiko cha Mzee Kwanza juu ya dirisha, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema aliyefika 60 ni mzee na asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na dirisha lenyewe pale kwetu lilikuwa linafungwa saa tisa na nusu. Wazee hawaumwi kwa saa za ofisi.

Huko Silver Spring, Maryland, Marekani, hospitali ya Holy Cross ilifungua 2008 chumba cha dharura cha wazee peke yao. Niliposoma habari zake nilitarajia mitambo. Nikakuta magodoro manene, sakafu isiyong'aa, saa kubwa ukutani, taa zisizoumiza macho, mtu wa kupitia dawa zao. Nikacheka peke yangu. Saa kubwa? Tulichanga, tukanunua saa ya namba kubwa na kalenda ya kuchana, tukatundika mbele ya vitanda viwili vya mwisho, penye dirisha. Tukaanza kuwarudishia miwani na meno yao ya bandia, vitu ambavyo tulikuwa tunavifunga kwenye bahasha "visipotee". Tukaacha kupayuka. Mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo muuguzi anayepaza sauti anazidi kumpotea. Shusha sauti iwe nzito, mwonyeshe mdomo wako. Godoro nene bado hatuna.

Taa hatukuzimudu, na nilikumbushwa hilo na mzee mmoja wa saratani ya tezi dume iliyokuwa imeshakula mifupa. Watoto saba. Yuko wa Muscat kwenye simu, analia na kuamuru baba awekwe kwenye mashine ya kupumulia, gharama juu yake. Yuko bintiye mkubwa aliyemwosha na kumgeuza kwa miezi mitano, anasema basi jamani. Daktari akawapa viti, akaeleza mashine itaweza nini na haitaweza nini. Walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, kama nusu saa, na baba yao yuko mita mbili, macho wazi. Nikaenda nikainama. Shikamoo baba. Marahaba. Wanao wanataka kujua wewe mwenyewe unataka nini.

"Wanipeleke nyumbani," akasema. "Hapa taa hamzimi."

Wa Muscat aliisikia kwenye simu. Baba aliondoka na mofini ya maji na maelekezo ya dozi aliyoandikiwa binti kwa herufi kubwa, na namba yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku na mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mpole, mikono bado inatetemeka akifunga kile kitambaa cha presha. Akaletwa babu kwenye kiti cha magurudumu, kanzu safi, mwanawe nyuma anasema ni uchovu wa safari. Mwanafunzi alipima, akaniletea karatasi. Presha 124 kwa 76, mapigo 82, joto 36.7. Kila kitu kizuri. Lakini hakuondoka, alisimama tu pale.

"Sista, samahani. Nimemwamkia shikamoo, na yeye kanijibu shikamoo."

Nikaacha kalamu. Nikamwambia avute kitanda cha kwanza, kile cha karibu na oksijeni, na mimi nikaenda kumuuliza mwanawe ulipo mfuko wa dawa.